Mtunze Mtoto, Mtunzie na Mama Yake

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa Tanga. Wengi hamkufika kwa sababu ya mvua, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.

Assalam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mama zangu, dada zangu, wanangu, na nyinyi baba zetu wachache mliokaa kule mlangoni, shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu.

Nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kuachiwa mtoto wa mwenzake? Anyooshe mkono.

Mnaona? Hakuna mkono hata mmoja. Mama anakwenda sokoni Mgandini, anakuachia mtoto. Jirani ameshikwa na uchungu usiku, anakimbizwa hospitali ya Bombo, anakuachia mtoto. Kuna msiba Muheza, kuna kesi mahakamani, kuna mgonjwa wa kuuguza Dar es Salaam. Neno ni lilelile moja: "Niangalizie mtoto, narudi sasa hivi." Na sisi tunajua kwamba hiyo "sasa hivi" yaweza kuwa saa mbili, na yaweza kuwa wiki mbili.

Tunafundishwa kupika, tunafundishwa kusuka, tunakwenda semina za kutengeneza sabuni. Nani aliwahi kutufundisha kukaa na mtoto wa mtu kwa siku nne, kisha tukamrudisha akiwa mzima, mwili na moyo?

Mimi, kwa wasionijua, ni mlezi wa kuaminika. Mwaka wa 11 huu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalitambua jambo hilo: mtu mzima mwenye tabia njema na akili timamu, asiye ndugu wa mtoto, ambaye afisa ustawi wa jamii amemkagua na kuridhika kwamba nyumba yake inafaa kumtunza mtoto. Watoto wanaoletwa kwangu hukaa siku mbili, wengine mwezi, mpaka kwao kutengemae au ndugu zao wapatikane. Lakini leo sikuja kuwazungumzia walezi wa kuaminika peke yao. Nimekuja kuzungumza nawe uliyeachiwa mtoto kuanzia asubuhi mpaka Maghrib. Jambo ni moja.

Mwenzako akikuwekesha dhahabu yake, unaivaa harusini? Huivai. Unaifunga kwenye kitambaa, unaiweka pahala unapopajua wewe, na siku akija anaikuta ilivyokuwa. Ile ni amana. Mtoto naye ni amana, ila dhahabu hailii usiku, na dhahabu haimsahau mwenyewe. Mtoto analia, na mtoto mdogo ukimkalia vibaya anaweza kuanza kumpoteza mama yake ndani ya moyo wake ilhali mama yupo hai na anarudi. Kwa hiyo neno langu la leo ni fupi, nitalirudia mpaka mlichoke: mtunze mtoto, mtunzie na mama yake.

Sasa nisikilizeni.

Mwaka wangu wa kwanza, kabla sijajua lolote, nililetewa binti wa miaka miwili na nusu. Mama yake alikwenda kujifungua, ikawa ni upasuaji, akalazwa. Yule binti alianza kulia baada ya swala ya Isha. Nikampa uji, akausukuma. Nikampa andazi, akalitupa. Nikambeba mgongoni nikazunguka naye uani. Nikamwimbia nyimbo zote nilizowalelea wanangu. Akalia mpaka adhana ya alfajiri. Si kilio cha deko, mama zangu. Ni kile kilio cha mtoto anayemtafuta mtu mmoja duniani, na kila akifumbua macho anamwona mwingine.

Asubuhi baba yake akaja na bodaboda. Nikamuuliza, "Huyu hulala vipi?" Akanitazama. Hajui. Akampigia mkewe simu kitandani hospitali, na mama, kwa sauti ya mgonjwa, akasema: "Hulala ameshika kanga yangu. Ile niliyokuwa nimejifunga juzi. Msiifue."

Mnasikia? Msiifue.

Baba akarudi nyumbani akaileta. Kanga imechakaa, ina alama ya mafuta ya nazi, ina harufu ya jikoni. Usiku wa pili yule binti aliichukua, akaifunika puani, akavuta pumzi ndefu kama mtu mzima aliyetua mzigo, akalala. Mimi ndiye niliyelia usiku ule. Mtoto alikuwa ananieleza tangu jana anachotaka, na mimi ninampa maandazi.

Tangu siku ile nina daftari. Mtoto hashuki mgongoni mwa aliyemleta kabla sijauliza. Kwao anaitwaje, maana jina la kadi ni moja na jina la nyumbani ni jingine, na usiku wa manane haitiki jina la kadi. Akitaka kwenda chooni husema neno gani? Kuna watoto wamechapwa kwa kujikojolea, kumbe walikuwa wameshaomba kwa neno la kwao na hakuna aliyewaelewa. Anaogopa nini, giza, mbwa, mwanamume mwenye ndevu? Hulala taa imewashwa au imezimwa? Kitu gani akila kinamtoa vipele? Anatumia dawa? Kadi yake ya kliniki iko wapi? Naomba na nguo moja ya mama, ambayo haijafuliwa.

Tena neno la kwao laweza kuwa lugha nzima. Nilipata kijana mdogo kutoka vijiji vya juu Lushoto, miaka mitatu, Kiswahili hakijui. Siku nzima alikaa chini ya mwembe, hasemi, hali. Nikamwita dada anayeuza viazi na kabichi pale barabarani, Msambaa mwenzake. Alipofungua mdomo tu kumsalimu kwa Kisambaa, mtoto aligeuza shingo kama kuku aliyesikia mtama unamwagwa. Dada yule akawa anapita kila jioni, robo saa tu, anakaa naye wanaongea. Hakunidai hata senti. Ile robo saa ndiyo iliyomfanya aanze kula.

Baadaye sana, katika mafunzo, nilikuja kusikia habari ya watu wa mbali waliogundua mambo haya kwa njia yao. Palikuwa na mume na mke London, James Robertson na Joyce Robertson. Wakati wa vita kuu ya pili walifanya kazi kwenye nyumba za kulelea watoto zilizoanzishwa na Anna Freud, mtaalamu wa mambo ya akili na hisia za watoto. Bwana yule aliingia pale kama mfanyakazi wa kuchochea moto wa boila, lakini macho yake yalikuwa kwa watoto. Miaka ya 1960 walichukua watoto wadogo nyumbani kwao, mmoja mmoja, wakati mama zao wamelazwa hospitali. Mmoja alikaa siku 10, mwingine siku 19, mwingine siku 27. Walifanya nini? Walianza kuzoeana na mtoto kabla siku haijafika. Walijifunza anakula nini na analala vipi. Walitaka aje na vitu vyake vya kwao na picha ya mama yake. Walimtaja mama kila siku. Wakamkaribisha baba aje kumwona. Wale watoto walihuzunika, ndiyo, lakini hawakuvunjika.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka kanga isiyofuliwa. Mama mmoja wa Tanga, amelala na mshono tumboni, aliyajua hayo bila kufundishwa na mtu.

Nakuja kwenye la pili, na hili linaniuma kulisema kwa sababu kosa nililifanya mwenyewe.

Tusimdanganye mtoto.

Nilikuwa na mvulana wa miaka mitano. Mama yake alipelekwa Dar es Salaam kwa matibabu. Siku ya kwanza akaniuliza, "Mama anakuja lini?" Nikamjibu, "Kesho." Kwa nini nilisema kesho? Kwa sababu nilitaka ale. Nilitaka anyamaze, na mimi nipumzike. Kesho yake akaamka mapema, akaoga mwenyewe, akabeba kimkoba chake, akasimama mlangoni. Akasimama mpaka adhuhuri. "Bibi, mama yuko wapi?" Nikasema, "Kesho." Siku nne, jamani. Siku nne mtoto anasimama mlangoni na kimkoba.

Siku ya tano hakusimama. Alikaa kimya, akala, hakuuliza kitu. Nikafurahi. Nikamwambia jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, Mungu amrehemu, "Huyu sasa ametulia." Bibi yule akamtazama mtoto, akanitazama na mimi, akasema: "Hakutulia huyo. Amekata tamaa na maneno yako."

Na ilikuwa kweli. Nikimwambia chakula tayari, haji mpaka aone sahani. Nikimwambia tutakwenda baharini, haonyeshi furaha mpaka afike mchangani. Mtoto wa miaka mitano hana mtu mzima hata mmoja anayemwamini katika nyumba nzima!

Nikakaa naye chini kwenye mkeka. Nikamwambia: "Nilikwambia kesho na haikuwa kweli. Nisamehe. Mama anaumwa, yuko hospitali, madaktari wanamtibu. Siku ya kurudi siijui. Lakini kila siku tukimaliza kula cha jioni, tutampigia simu." Na kila siku tulipiga. Siku nyingine mama hakuweza kusema, akapokea dada yake. Siku nyingine umeme umekatika na simu yangu imezima, nikamshika mkono tukaenda kwa muuza duka. Sikuikosa jioni hata moja. Baada ya wiki, nilipomwita kula, alikuja kabla sahani haijawekwa.

Kama siku inajulikana, mhesabie usiku. Mwambie: utalala hapa mara tatu, halafu mama anakuja. Weka kokoto tatu dirishani, kila asubuhi atoe moja. Kama haijulikani, mpe kitu kinachorudi kila siku bila kukosa, naye atakishika hicho.

Na yale maneno yetu ya vitisho, "ukilia simwiti mama yako," "mama yako amekukimbia kwa utundu wako," mama zangu, nawaomba kwa jina la Mungu, tuyaache. Mtoto hajui kwamba unatania. Anayaamini. Anakwenda kulala nayo. Mtunze mtoto, mtunzie na mama yake.

Kuhusu usalama sitakaa sana, mnayajua. Jiko la mkaa chini sakafuni. Ndoo ya maji isiyo na kifuniko, maana mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Wa kwako ameshazoea hatari za nyumba yako. Huyu mgeni hajazoea, na kwao ile chupa kweli ni ya soda. Usiku, jua analala wapi na analala na nani. Mwogeshe wewe mwenyewe, usimwachie kijana wala mpangaji. Akiwa na joto, mpeleke kituo cha afya apimwe, usimkisie dawa iliyobaki kabatini.

Na mtazame mwili wake anapofika, aliyemleta akiwa bado amekaa. Usione haya. Nililetewa mtoto jioni moja, nikampokea kwa haraka, aliyemleta akaondoka. Wakati wa kuoga nikaona kidonda cha kuungua pajani. Kesho yake nikaulizwa mimi nimemfanya nini. Yalikwisha kwa amani, lakini nilijifunza. Kama alama inakutia shaka, usibaki nayo kifuani. Sheria ile ile inatutaka kila mmoja wetu anayejua haki ya mtoto inavunjwa aende serikali ya mtaa akaeleze. Na simu ya mtoto ipo, namba 116, haina malipo. Vilevile aliyekuachia mtoto akipotea, simu hapokei, siku zinakwenda, usimfiche mtoto kwa huruma. Mwenyekiti wa mtaa ajue, afisa ustawi ajue. Huruma ya kificho huishia kwenye mtoto asiyejulikana ni wa nani.

Kuna methali tunayoipenda sana pwani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri kwa mgeni mtu mzima. Kwa mtoto, tahadhari! Nimeona kwa macho yangu, si mara moja. Binti wa miaka tisa analetwa kwa ndugu "wiki mbili tu, mama yake akae sawa." Wiki ya kwanza ni mgeni. Ya pili anaosha vyombo. Ya tatu anaamka saa kumi na moja kuchota maji huku watoto wa nyumba wamelala. Mwezi wa pili amekuwa mtumishi asiye na mshahara, na shule hakuna anayeiuliza. Hakuna aliyekaa akapanga uovu ule. Umeota kidogo kidogo kama magugu. Basi kipimo ni rahisi: kazi anayofanya wa kwako wa umri ule, na huyu aifanye. Kipande cha nyama anachopata wa kwako, na huyu akipate. Wa kwako akivaa viatu kwenda shule, na huyu avae. Na fimbo usiiguse. Hata kama kwako unaitumia, na hilo tuna siku yake ya kulizungumza, huyu si wa kwako. Mwana wa mwenzio mkubwa mwenzio.

Sasa la kurudisha. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, hata tuliofanya vizuri siku zote.

Wale Robertson walimfuatilia pia mtoto mmoja wa miezi 17 ambaye hakukaa nyumbani kwao. Mama yake alikwenda kujifungua, naye akawekwa siku tisa kwenye kituo cha kulelea watoto. Wahudumu hawakuwa wabaya. Walikuwa mabinti wapole. Lakini walikuwa wanabadilishana zamu: akimzoea huyu asubuhi, jioni yuko mwingine. Alijaribu kwa huyu, akajaribu kwa yule, mwisho akawa anakumbatia dubu la kitambaa. Chakula akakikataa. Mama alipokuja siku ya tisa, mtoto alilia, akajinasua mikononi mwa mama yake, hataki hata kumtazama usoni. Siku tisa, mama zangu!

Nimeyaona hapa kwetu. Nilikaa na binti wa mwaka mmoja na nusu kwa wiki tatu. Nilimpenda, na nilikosea jambo moja: alianza kuniita mama, nami nikaitika. Niliitika kwa sababu lilikuwa tamu. Siku mama yake alipokuja, kakonda, mkanda wa hospitali bado uko mkononi, mtoto alikimbilia kwangu, akajificha ndani ya kanga yangu. Mama yake alibaki amenyoosha mikono. Nikauona uso wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hayo tunayasema kila siku, lakini siku ile niliyaona yakipita usoni mwa mtu.

Nani alikuwa na kosa? Si mtoto, na mama hakuwa na kosa. Aliyelitwaa lile jina ni mimi.

Sikumvuta mtoto nikamkabidhi akilia, ingawa gari lilikuwa linasubiri. Nilimwambia mama, "Keti, mwanangu. Leo hutaondoka kwa haraka." Nikaweka mkeka. Nikampa mama bakuli la uji na kijiko, mimi nikainuka nikaenda kuanua nguo uani. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza, njaa ikamsogeza. Akala kijiko cha kwanza akiwa amegeuza uso pembeni. Cha tatu akakila akimtazama. Mama akaanza kumwimbia kitu taratibu, wimbo wao, mimi siujui. Baadaye akamwogesha yeye mwenyewe, akampaka mafuta yeye mwenyewe. Mimi nilijipa kazi za uani mpaka alasiri, na zile nguo nilizikunja mara mbili mbili.

Walipoondoka mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake. Hakugeuka kuniangalia. Nilisimama pale mlangoni nikajiambia kwamba hivyo ndivyo nilivyotaka, na ndivyo nilivyotaka kweli, ingawa usiku ule nilitandika kitanda chake kidogo kwa mazoea.

Siku hizi wote wananiita Bibi, hata anayetambaa. Akiniita mama namwambia, "Mama yako ni fulani, mimi ni Bibi," na ninalitaja jina la mama yake. Nikiweza, namwomba mama aje siku moja kabla ya kumchukua, akae tu, amlishe. Na mtoto akienda kwao, naomba kumtembelea mara moja baada ya wiki, ili asidhani na mimi nimemtupa.

Ile kanga ya kwanza, ile isiyofuliwa, mama yake alinirudishia mwaka uliofuata. Binti alikuwa ameshaacha kuishika. Aliniambia, "Bibi, utapata mwingine." Ipo kabatini kwangu. Sasa imefuliwa, na kila mtoto anayekuja bila kitu cha kwao namfunika nayo mpaka cha kwao kiletwe.

Naona dada pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, na mtoto amemlala begani. Karibu, mwanangu. Uliza.